Bashrafu ya Uongo

Mpenzi wa taarabu aijua kazi ya bashrafu. Fidla, kanuni na udi huanza peke yao, mwimbaji angali kitini, na hapana neno la wimbo lililokwisha kutamkwa. Hata hivyo ukumbi mzima umekwishatambua usiku ule utakuwa wa namna gani. Bashrafu haitoboi siri ya wimbo, wala haimdanganyi mtu. Sijapata kusikia kikundi kilichopiga msewe mlangoni ili kuwavuta watu, kisha ndani wakakuta taarabu.

Nayasema haya kwa sababu ya vionjo vya filamu za katuni, yaani vile vipande vya dakika mbili tatu, trela kama wasemavyo vijana, vinavyotangulia filamu miezi kadhaa ili kuwaita watazamaji. Wako wanaodai kwamba kionjo ni mnada tu, na mnadi hadaiwi ukweli. Siafiki hata kidogo. Kionjo ni mlango wa hadithi, na aghalabu anayeupita mlango huu ni mtoto.

Novemba 1993 Disney walitoa kionjo cha The Lion King, filamu iliyoingia sinema Juni 1994. Hawakukatakata vipande. Walionyesha ufunguzi wote, tangu jua kuchomoza mpaka mtoto wa simba kuinuliwa juu ya jabali mbele ya wanyama waliokusanyika. Kisha mshindo wa ngoma, na jina likatokea. Hapana mazungumzo, hapana mzaha. Sauti ya kwanza ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, aitaye kwa Kizulu, lugha ambayo watazamaji wengi wa Marekani hawakuijua, na hapana aliyewatafsiria. Waliaminiwa kwamba wataelewa, nao walielewa. Adui wa mtoto yule hatukuonyeshwa, wala msiba unaomngojea. Hiyo ndiyo bashrafu! (Ninao ugomvi mwengine na Disney juu ya filamu hiyo hiyo: maneno yetu "hakuna matata" waliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara. Hilo nitalishika siku nyengine.)

Sasa tazama walikofika miaka ishirini baadaye. Kionjo cha kwanza cha Frozen, mwaka 2013, kina mtu wa theluji na kulungu wa nchi za baridi wakigombea karoti juu ya ziwa la barafu. Basi. Elsa na Anna, dada wawili ambao ndio roho ya hadithi, hawamo, nyimbo hazimo. Kabla ya hapo, mwaka 2010, filamu ya Rapunzel ilivuliwa jina la binti huyo ikaitwa Tangled, na katika vionjo vyake akatangulizwa Flynn, mwizi mcheshi. Sababu yajulikana: filamu yao ya mwaka 2009, The Princess and the Frog, haikuvuna walivyotaraji, wakakhofia kwamba wavulana watakimbia wakisikia khabari za binti mfalme.

Kwangu hii ni dharau, na anayedharauliwa khasa ni huyo mvulana. Bibi zetu walipoita "Paukwa!" mkekani, wavulana kwa wasichana waliitika "Pakawa!" kwa sauti moja. Hapana bibi aliyeficha kwamba hadithi ni ya binti Sultani, asije mjukuu wake wa kiume akaondoka. Mvulana alikaa mpaka usingizi ukamshinda.

Nitajibiwa kwamba Frozen ilipata zaidi ya dola bilioni 1.2, kwa hiyo hila ilifaulu. Je, ni karoti iliyowarudisha watu ukumbini mara ya pili na ya tatu? Wimbo wa Elsa, "Let It Go", ulitunukiwa Oscar mwaka 2014, na watoto wa kike na wa kiume waliuimba mpaka wazazi wakachoka. Kilichofichwa ndicho kilichopendwa.

Wenyewe wamekwishakiri, ingawa si kwa maneno. Februari 2019 walipotoa kionjo cha kwanza cha Frozen 2, mtu wa theluji hakutangulizwa tena. Kinafunguka kwa Elsa, peke yake ufukweni, akiikabili bahari iliyochafuka.