Tusiseme "Ni Uzee Tu"



Ndugu msomaji, mwanzoni mwa mwaka 2018, chikungunya ilipoenea hapa Mombasa, nyumbani kwetu tuliugua watu wanne. Sisi vijana tulilala siku tano, tukainuka. Bibi yetu alibaki kitandani, hali, hanywi, hata maneno yake hayaeleweki. Kila aliyekuja kumtazama alisema, "Ni uzee tu." Nasi tukakubali, zikapita siku tatu kabla ya kumpeleka hospitali. Alhamdulillahi alipona, lakini mwaka mzima aliswali ameketi. Tangu hapo naliogopa neno lile, kwani ndilo lililotufanya tukunje mikono.

Maradhi haya si mageni kwetu. Jina lake latokana na Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na yalijulikana kwanza Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Mwaka 2004 yaliingia Lamu, yakawapata takriban robo tatu ya wakazi. Mwaka uliofuata yakafika Ngazija, kisha kisiwa cha Réunion. Huko, hadi mwaka 2006, yaliwapata kama theluthi moja ya watu, na zaidi ya 200 wakafariki, wengi wao wazee. Homa ya dengi, inayoletwa na mbu huyo huyo, ilienea Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014.

Kwa nini mbu mmoja amdhuru babu kuliko mjukuu? Kwanza, kinga ya mwili nayo huzeeka. Iko tezi kifuani inayokomaza askari wa mwili, nayo hunywea kadiri umri unavyosonga. Askari wapya huwa wachache, na virusi hupata nafasi ya kuzaana kabla ya kuzuiwa. Pili, wazee wengi tayari wana sukari, presha, au maradhi ya moyo na figo, na homa kali hukimaliza kiungo kilichokwisha choka. Tatu, mzee hahisi kiu upesi, na akiba ya maji mwilini mwake ni ndogo. Homa ya siku chache yaweza kumkausha. Nne, joto lake huenda lisipande sana. Dalili huwa kuchanganyikiwa, kuanguka, au kukataa chakula. Hapo ndipo watu husema, "Ni uzee tu."

Wako watakaosema, "Lakini sisi tunafunga chandarua." Chandarua cha usiku humzuia mbu wa malaria. Mbu huyu mweusi mwenye madoa meupe huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa. Mzee anayejinyoosha mchana afungiwe chandarua mchana huo huo.

Tena mbu huyu hupenda maji safi yaliyotuama: pipa, mtungi, ndoo ya kutawadhia, kifuu, tairi bovu. Mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo, na hukaa pakavu miezi kadhaa bila kufa. Kumwaga maji hakutoshi, sharti kusugua, kisha kufunika. Na kwa kuwa yai huchukua kama wiki moja hadi kuwa mbu, kusugua kila wiki humkatia njia.

Je, kazi hii ni ya mzee mwenye magoti mabovu? La, ni yetu sisi wanafunzi. Rai yangu ni kuwa kila Ijumaa asubuhi, madrasa inapofungwa, kila mmoja wetu asugue mapipa na mitungi ya nyumbani kwao, kisha ya jirani mzee anayeishi peke yake. Na mzee akipata homa, au akibadilika ghafla, tumpe maji kidogo kidogo na tumpeleke hospitali siku ile ile. Tusimpe aspirini wala brufeni kabla ya kupimwa, kwani kama ni dengi, dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa na damu.

Tumeamrishwa kuwatendea wema wazazi wetu wafikapo uzeeni. Wema huo usiishie kwenye kubusu mkono. Uanzie kwenye pipa la maji.

Wabillahi tawfiq.