Simu haina kosa, kagueni chaja na soketi

Kila baada ya muda husambaa kwenye makundi ya WhatsApp picha ya mkono ulioungua au godoro lililoteketea, na chini yake onyo lile lile: usitumie simu ikiwa kwenye chaji. Anayelituma ana nia njema, ila onyo lenyewe linamshika asiye na hatia. Anayelisoma hubaki akiamini kuwa kosa ni la aliyekuwa anaongea au anaperuzi, na kwamba simu ikiachwa mezani hatari imekwisha. Chaja iliyoiunguza nyumba haiulizwi ilitoka wapi, wala soketi haiulizwi ilifungwa na nani.

Tuanze na hesabu. Umeme unaofika majumbani Tanzania ni wa volti 230. Simu ya kawaida hupokea volti 5, ikiwa na chaji ya haraka hupokea 9 au 12, na laptopu nyingi huhitaji kama 20. Kwa volti chache hivyo, ngozi kavu hairuhusu umeme wa kutosha kupita hadi kuhatarisha moyo; vifaa vya kukata umeme unaovuja hufungwa majumbani vikiwa vimewekwa kwenye milliampea 30, kwa sababu kuvuka hapo ndipo uhai huwa mashakani. Kinachotenganisha 230 na 5 ni transfoma ndogo kuliko kidole gumba, yenye nyaya mbili zilizozungushwa zisigusane, na nafasi ya milimita kadhaa kwenye bodi kati ya upande wa ukutani na upande wa simu. Kwenye chaja iliyotengenezwa kwa kubana gharama, utepe wa kuhami huwa mwembamba na nafasi hiyo hubanwa. Joto au unyevunyevu ukishamaliza kinga hiyo, volti 230 hushuka moja kwa moja kwenye waya, kwenye fremu ya chuma ya simu na kwenye earphone za waya zilizo masikioni. Umeme huo haujali kama ulikuwa unapiga simu au umekuja tu kuichomoa.

Haya si mambo ya kukisia. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 zilizoigiza zile za iPhone, na 397 zilianguka mtihani. Chaja 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua aliyezigusa. Mwaka huo huo, jijini London, mtu mmoja alifariki akiwa ndani ya bafu la maji huku akichaji simu kwa ekstensheni iliyovutwa hadi humo. Vichwa vya habari vilitaja simu. Lakini kilichoua ni umeme wa ukutani uliopelekwa kwenye maji.

Atakayepinga atasema chaja ya elfu tano ameitumia miaka mitatu na hajaona kitu. Simbishii. Chaja mbovu haiui kila siku. Huua siku mambo mawili yanapokutana: kinga yake imepasuka, na mtumiaji amesimama peku kwenye sakafu ya saruji yenye maji au ameegemea bomba. Miaka mitatu ya salama inaonyesha tu kuwa hayajakutana. Pingamizi la bei lina uzito zaidi, maana si haki kumwambia muuza mbogamboga anunue chaja yenye bei inayokaribia ya simu yake. Lakini hakuna anayelazimika kununua ya jina kubwa. Chaja nzuri ya simu ya zamani iliyokufa kioo, kama ni ya USB, huchaji simu mpya bila shida, hata kama ni polepole. Na wengi wetu tunalipia kava na kioo cha kuzuia mikwaruzo kabla ya kufikiria chaja.

Pingamizi jingine: hata kama kosa ni la chaja, kuacha simu inapochajiwa si kunapunguza hatari? Kidogo, ndiyo. Simu inayochezewa gemu huku ikichajiwa hupata joto, na betri za lithiamu haziliwezi joto. Lakini ushauri huo huo ndio unaomfanya mtu aichomeke usiku, aiweke chini ya mto na alale, hali ambayo joto halina pa kutokea na hakuna aliye macho wa kunusa plastiki inayoungua.

Soketi nayo ina kesi yake. Pini ya juu ya plagi ya pini tatu ni ndefu kwa makusudi: hutangulia kuingia, hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini na kukiunganisha kifaa na eathi. Chaja nyingi za bei rahisi zina pini mbili za duara. Basi mtu huchukua kalamu au njiti, akabonyeza tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akasukumiza pini zisizolingana na matundu. Zinacheza, zinapiga cheche, soketi inageuka kahawia. Wenye laptopu za bati nao wanaijua ile shoti ndogo inayotekenya vidole zikiwa kwenye chaji. Kwa chaja nzuri ya pini mbili, huo ni umeme usiofika hata milliampea moja, na hauui. Ila kidole si kipimo. Hakiwezi kutofautisha mvujo huo na mwanzo wa kinga kupasuka. Na kama plagi ni ya pini tatu na mashine bado inatekenya, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba haina eathi inayofanya kazi.

Tukirudi kwenye chaja zenyewe, misako ya bidhaa bandia haitoshi. Sheria ya nembo humshika anayeiba jina la mwenzake. Chaja yenye jina lake la kubuni haimwibii mtu yeyote, na inaweza kuua vilevile. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linapaswa kununua chaja Kariakoo kama mteja wa kawaida, lizipasue, lizipime, kisha litangaze majina ya zilizoanguka. Kuhusu eathi, fundi mwenye leseni na kipimo chake hahitaji siku nzima kupata jibu. Wenye nyumba za kupanga watauliza kwa nini walipe wao wakati chaja ni za wapangaji. Wapaswa kulipa, kwa sababu mpangaji akihama huondoka na chaja yake, na nondo ya eathi hubaki ardhini kwa mwenye nyumba.