Likizo ya Pwani: Tujue Twaendea Nini

Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja wa Raila, Kibera. Amedunduliza mwaka mzima kwa biashara ya mandazi ili wanawe waione bahari. Mumewe ataka hoteli ya ufukweni Diani. Naye aona haya kukaa penye pombe na bwawa la kuogelea la wanaume na wanawake pamoja.

Twasema: kwanza jueni mwaendea nini. Mkitaka sitara na utulivu, Mji wa Kale wa Lamu una misikiti mingi na nyumba za kupanga zenye ua wa ndani. Mkitaka watoto wacheze majini, ufuo wa Jomo Kenyatta, Mombasa, ni wa umma. Nendeni asubuhi, kabla ya umati. Likizo ya Aprili huangukia masika. Desemba kaskazi huvuma, ingawa bei hupanda. Na kwa madhehebu ya Shafii, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi Sala.

Mume naye asidhani kuwa stara ya mkewe ni ukaidi. Fedha ni jasho la mama. Shauri na liwe la wawili. Safari isiyompa mke amani si mapumziko, ni kuhamisha dhiki. Wallahu aalam.