Jibu lipo au halipo? Swali la hesabu, swali la kisima

Leo naomba nitetee topiki ambayo wengi wetu wa hesabu tunaidesa tu ili tukwepe sapu: ile ya kuthibitisha kwamba mlinganyo una jibu, kabla hata ya kulitafuta. Kuna jamaa wanasema sisi walimu watarajiwa haituhusu, eti kidato cha nne nani atakuuliza. Mimi nasema inatuhusu, tena hapa hapa Dodoma.

Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Dawa si kuongeza pampu tu? Ngoja kwanza. Chukua kisima cha kawaida. Ukivuta maji, usawa wake ardhini unashuka, tabaka linalopitisha maji linakuwa jembamba, na maji yanapita kwa shida zaidi. Kwa hiyo ukivuta mara mbili, maji yanashuka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mlinganyo wake si wa mstari. Ukizidisha kuvuta, hesabu inakupa mraba wa kina ambao ni hasi. Hakuna kina kama hicho, jamani! Jibu halipo, pampu inanyonya hewa.

Wakubwa wa hesabu nao waliwahi kukwama hapo. Mwaka 1851 Riemann alitegemea wazo tamu sana: kati ya maumbo yote yanayowezekana, la kweli ndilo lenye nishati ndogo kabisa, kama kamba iliyoning'inia inavyojitafutia umbo. Pata hiyo ndogo kabisa, umepata jibu la mlinganyo. Mwaka 1870 Weierstrass akauliza: nani kakuambia ipo? Akatoa mfano ambao unaikaribia sifuri kila mara lakini huifikii. Kuanzia 1900 Hilbert akaliokoa wazo lile, ila kwa masharti.

Na Makutupora ina masharti yake. Utafiti uliotoka 2013 kwenye jarida la Nature Climate Change, kwa vipimo vya miaka 55 vya visima hivyo, ulionyesha kwamba maji yale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Siyo kila mwaka.

Kwa hiyo tukienda field, mwanafunzi akiuliza "mwalimu, hii itanisaidia nini?", tusimjibu "itatoka kwenye mtihani". Tumchoree kisima. Hata kidato cha pili anaweza kuona kwamba x² = −4 haina jibu kwenye namba halisi. Akizoea kuuliza "jibu lipo kweli?" kabla ya kukokotoa, kesho hatadanganywa na mtu anayeahidi maji bila kupima.

Nawasilisha. Mnaopinga, uwanja ni wenu!