Mchango wa shule usubiri mavuno
Katika michango ya shule, naomba tuzingatie suala la majira. Huku kwetu vijijini Tanzania, ukiitisha mchango wa kujenga darasa mwezi Januari unamkuta mzazi ametoka kununua sare na madaftari, na chakula ghalani kinaelekea kuisha. Subirini mavuno. Hapo debe la mahindi au kilo chache za alizeti hutolewa kwa moyo mmoja, kamati inauza kwa pamoja, saruji inanunuliwa. Asiye na mazao asogeze mawe, mchanga au maji, na nguvu zake zikadiriwe kwa shilingi na kuandikwa kwenye daftari la michango kama za wengine. Waliosoma katika shule hiyo wakahamia mijini watume kwa simu, ila fedha ziingie kwenye akaunti ya shule, si namba ya mtu binafsi. Kila mwezi mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Tukumbuke pia kwamba tangu 2016 elimumsingi katika shule za serikali haina ada, na mchango ni hiari. Walimu na wanakamati, nawasihi: mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa.