Ng'ambo ya Mto Kabla ya Ng'ambo ya Bahari



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kundi letu alinifuata akiwa na karatasi mkononi. Alitaka nimwandikie barua ya kumshuhudia. Alikuwa amesikia ya kwamba yako mashirika yanayowapeleka vijana katika nchi za mbali kwa miezi michache ili wapande miti, wajenge madarasa na kufundisha watoto, na ya kwamba wengi waliokwenda husimulia jinsi walivyorudi wakiwa watu wapya. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nimechoka. Hapa sitapona kamwe. Labda nikienda kuwasaidia watu wa mbali, moyo wangu utatulia."

Sikumcheka, wala ninyi msimcheke. Mtoto aliyekulia Masisi, aliyelala porini akisikia risasi, kisha akarudi na kukuta nyumba yao imekuwa majivu, hana haja ya kueleza kwa nini amechoka. Niliandika barua, nikatia sahihi, nikampa. Hata hivyo maneno yake hayajaniacha, kwa kuwa yamefunga ukweli na uongo katika kitambaa kimoja. Ukweli ni kwamba anayehudumia huponywa. Uongo ni kwamba umbali ndio unaoponya. Uongo huo siku hizi unasadikiwa na wengi kati yetu, na leo nataka kuupinga waziwazi.

Nianze na ukweli. Mnakumbuka Ebola iliyotangazwa katika jimbo letu la Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200 huku kwetu na Ituri. Waliopona walirudi nyumbani wakakimbiwa. Jirani hakutaka kuwapa mkono, mteja hakutaka kununua mboga zao. Lakini miili yao ilikuwa imepata kinga, na kwa sababu hiyo baadhi yao huko Beni na Butembo waliitwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa kwa ugonjwa ule ule. Wakawabeba, wakawalisha, wakawaimbia hadi wakalala. Mikono iliyoogopwa na kijiji kizima ikawa ndiyo pekee iliyoweza kumshika mtoto bila hofu. Nani atasema kwamba huduma ile haikuwaponya wao pia? Wala hawakusafiri mbali. Walirudi mahali pale pale palipowaumiza.

Hivyo ndivyo alivyofanya pia Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Karibu na mwisho wa maisha yake aliandika kwamba ujanani kuwaona wakoma kulikuwa kwake jambo chungu mno, hata Bwana alipomwongoza kati yao, naye akawahurumia, na uchungu ule ukageuka kuwa utamu. Wakoma hao walikaa bondeni, chini ya mji wake mwenyewe, naye alikuwa amewapita miaka mingi akiziba pua. Ni kweli kwamba baadaye alivuka bahari, akafika Damieta katika Misri mwaka 1219 na kuonana na sultani. Lakini angalieni utaratibu: mkoma wa bondeni kwanza, sultani wa Misri baadaye.

Sasa niingie katika uongo. Kwa nini umbali unatuvutia? Kwa sababu mbali hatujulikani, wala hatumjui mtu. Mtoto wa nchi ya kigeni ni rahisi kumpenda: baba yake hakuswaga ng'ombe wetu, mjomba wake hakushika bunduki juu ya kilima chetu, na lugha yake haitukumbushi usiku wowote. Tunampa tabasamu, naye anatupa tabasamu. Kisha miezi mitatu inakwisha, tunapanda ndege, na hakuna atakayetuuliza tulichoacha. Upendo usioweza kuulizwa swali ni upendo rahisi. Unafurahisha kama pombe ya ndizi, na asubuhi kidonda kiko pale pale.

Zaidi ya hayo, katika safari nyingi za namna hiyo anayejitolea ndiye anayelipa. Anayelipa ni mteja, na mteja lazima aridhishwe. Basi maskini anageuka bidhaa: anapangwa mstari, anaimbishwa, anapigwa picha. Jambo hili si dhana yangu. Mwezi Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, liliyataka mataifa yazuie madhara yanayoletwa na mipango ya kujitolea katika vituo vya yatima, hata ile inayoendana na utalii. Palipo na wageni wanaotafuta yatima wa kuwahurumia, hupatikana pia watu wa kuwatafutia yatima, hata kama wazazi wa watoto hao wako hai. Huko ndiko tunakofika tunapomfanya mtu mwingine kuwa dawa yetu. Maskini si dawa ya mtu. Maskini ni ndugu, na ndugu hatembelewi ili sisi tujisikie vema.

Mtaniambia: "Sisi si Wazungu wenye fedha." Ni kweli, lakini ndoto ni ile ile. Mtaniambia tena: "Mbona wamisionari walitoka mbali?" Hoja hiyo nzuri haina budi kujibiwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza wanawe waseme lugha ya watu, wale chakula chao na kuvaa kama wao. Wengi wao hawakurudi kwao. Makaburi yao tunayo. Mtakatifu Fransisko Ksaveri naye, kabla ya kupanda meli iliyompitisha Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, aliwauguza wagonjwa wa hospitali za Venice, wenye vidonda vilivyowakimbiza watu wengine. Bahari haikumfundisha kuhudumia. Alipanda meli akiwa tayari anajua.

Mtaniambia mwisho: "Naamani je? Si alitoka Siria akapona katika nchi ya ugeni?" Naam, alipona. Lakini kumbukeni kilichomkasirisha. Aliambiwa aoge katika mto mdogo, akauliza kama mito ya Damasko haikuwa bora. Alitaka tendo kubwa, akapewa tendo dogo la kurudia mara saba. Alipona aliposhuka kutoka katika gari lake la farasi na kukubali udogo wa kile alichoagizwa. Sisi tumemgeuza Naamani kichwa chini: tunaudharau mto uliopo miguuni petu na kuota mto wa mbali.

Nilipokuwa nikisomea ualimu, tulifundishwa kanuni moja ambayo sijapata kuiacha: somo huanza na kinachojulikana na kuelekea kisichojulikana, huanza karibu na kwenda mbali. Mtoto hachori ramani ya dunia kabla ya kuchora darasa lake, kisha uwanja wa shule, kisha kijiji. Mwalimu anayeanza na dunia huzaa wanafunzi wanaokariri majina ya bahari, huku hawajui kisima chao kiko upande gani. Katika upendo mambo ni yale yale.

Hapa Lushebere tumekuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani kwa miaka mingi. Ni wangapi kati yetu wanamfahamu mtu mmoja wa kambini kwa jina? Na kule ng'ambo ya mto, katika kijiji cha watu ambao si wa kabila letu, ni nani kati yetu amekanyaga kwa hiari yake, bila kupeleka ng'ombe wala kudai deni? Lugha yetu ina hekima yake: nchi za mbali tunaziita ng'ambo, na upande wa pili wa mto nao tunauita ng'ambo. Kwa Mkristu wa Masisi, ng'ambo iliyo ngumu kufikia ni ile isiyohitaji pasipoti.

Najua pia kinachowazuia. Wazazi wetu walipigiwa kengele ya salongo enzi za Mobutu, wakafagia njia kwa kulazimishwa, na tangu hapo kazi ya pamoja inanuka amri ya mkubwa. Lakini kujitolea si salongo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma, hakuamriwa na mtu kuwa rafiki wa watoto wa barabarani wa mji wake. Alifanya hivyo pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, katika mitaa aliyoijua tangu utoto. Kisha mwaka 2007, akiwa mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiuzwe kwa wananchi, akauawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Na Papa Fransisko, alipozungumza na vijana na makatekista katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwafundisha kwa vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, na mwisho huduma. Huduma aliipa kidole kidogo kuliko vyote. Kinachofuatana nacho ni msamaha. Nawaombeni mtazame mkono wenu na kufikiri: je, tunataka kuhudumia mbali ili tusilazimike kusamehe karibu?

Basi nawapa changamoto. Kila kundi lichague familia moja tu, ya kambini au ya ng'ambo ya mto, isiyo ya kabila la walio wengi katika kundi hilo. Muombe kwanza ruhusa ya kwenda, maana hata maskini ana mlango wake. Mwende siku moja ile ile kila juma, kwa mwaka mzima, mkalime, mkachote maji, mkasikilize. Mpokee pia mtakachopewa, hata kama ni viazi viwili. Msipige picha. Siahidi kwamba mtajisikia vema. Katika majuma ya kwanza mtajisikia vibaya, kwa sababu kidonda kinachosafishwa huuma. Atakayemaliza mwaka huo na bado anataka kuvuka bahari, aje kwangu. Nitamwandikia barua ndefu kuliko ile niliyoandika mwezi uliopita.

Kijana yule ana barua yake mfukoni, na ni haki yake kwenda. Mimi nilimwomba jambo moja tu kabla ya safari, nami nawaomba nanyi lile lile. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa kanisa na jembe langu. Ng'ambo ya mto kuna mjane ambaye shamba lake la maharage limezidiwa na magugu. Tayari amekubali tuje.

Bwana awe nanyi.