Ugavi Husomewa kwa Lugha Gani? Mtazamo kutoka Mbumbuni

Miongoni mwa shahada za biashara wanazozikimbilia vijana wetu siku hizi ni ile ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Sababu yake haifichiki. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, ziliupa ununuzi wa serikali kanuni zinazodai wataalamu. Sheria nyingine ya mwaka 2007 ikaifanya kazi ya ugavi kuwa taaluma ya kusajiliwa na kupewa leseni. Kisha mwaka 2013 zikaja kaunti 47, kila moja na zabuni zake. Mzazi wa Mbumbuni, huku kwetu Makueni, anayeuza ndama ili mwanawe akasomee ugavi kwa miaka minne hajapotoka hata kidogo. Anajua fedha hupitia wapi.

Neno langu basi si juu ya uteuzi huo, bali juu ya lugha ambayo kwayo shahada yenyewe hutolewa. Mihadhara ni kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mifano mingi ni ya viwanda vya magari vya Japani na maduka makubwa ya Marekani. Ilhali ugavi wenyewe, ule unaolisha Nairobi na Mombasa, huendeshwa kwa Kikamba shambani na kwa Kiswahili kuanzia pale dalali anapofika. Mwenye lori, kuli, karani wa kizuizi cha ushuru, mchuuzi wa Marikiti na yule wa Kongowea, hao wote huafikiana kwa Kiswahili. Mhitimu wetu hana hata somo moja lililomwandalia mazungumzo hayo.

Msimu mmoja wa maembe nilimsikia kijana wa mwaka wa tatu, jirani yetu, akimweleza mama yake kwa nini matunda yao yalioza chini ya miti na huku mjini yanatafutwa. Alianza kwa Kikamba, akaingilia Kiswahili, akakwama, akamalizia kwa Kiingereza. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo lori lilichelewa."

Alikuwa amesema kweli, lakini nusu yake tu. Nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa kijana: namna ya kukadiria siku za kungojea mzigo tangu uagizwe hadi uchukuliwe, namna majirani wanavyoweza kuunganisha mavuno ili lori lisije kwa ajili ya kreti chache, namna ya kuwa na mnunuzi wa pili endapo wa kwanza atavunja ahadi. Elimu hiyo ndiyo iliyonunuliwa kwa ndama, na haikumfikia aliyeilipia.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa taaluma hii. Dai hili hutolewa aghalabu na watu ambao hawajasimama sokoni. Chukua neno lumbesa. Kila mkulima wa Kenya na Tanzania anajua maana yake: gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Ndani ya neno hilo moja mna somo zima la vipimo, la nguvu ya mnunuzi dhidi ya muuzaji, na la sheria isiyotekelezwa; kanuni za viazi za mwaka 2019 zilizoweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko zilitungwa kwa sababu ya lumbesa. Chukua mali kauli, yaani kumpa mtu bidhaa kwa neno lake tu, alipe akishauza. Tazama pia shehena, bohari, ankara, zabuni, stakabadhi ya ghala. Hizo si istilahi zilizobuniwa juzi ofisini. Nyingine zina umri kuliko vyuo vyetu vyote.

Wakamba nao si wageni wa jambo hili. Kabla ya reli, misafara yao ilisafirisha pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara wa misafara hiyo. Miaka ya njaa palikuwa na kuthuua, safari ya kwenda kubadilishana mali kwa chakula kwa majirani waliovuna. (Mimi binafsi huona "msafara" lingefaa kuliko "mnyororo", neno ambalo masikioni mwa watu wa pwani bado lina mlio wa utumwa. Lakini neno limekwisha kuzoeleka, na sina nia ya kugombana nalo.)

Kazi ya kusanifisha ipo, tena si ndogo. Tazama zao linalostahimili ukame wetu, ndengu. Mkenya akisema ndengu anakusudia punje ndogo za kijani. Mtanzania huziita choroko, na akisikia dengu anafikiria punje nyingine kabisa, kubwa na za rangi ya manjano. Wafanyabiashara wawili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaweza kutia sahihi mkataba wa Kiswahili fasaha, kila mmoja akiwa na gunia lake akilini. Hilo ni suala la ugavi, na ni suala la isimu. Ni nani analishughulikia?

Tusijidanganye kwamba Tanzania imekwisha kulimaliza. Wanayo Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yenye jina la Kiswahili, na serikali hutangaza zabuni kwa Kiswahili. Hata hivyo, mihadhara ya shahada yao ni kwa Kiingereza kama yetu. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini hati za zabuni bado hutolewa kwa Kiingereza, zikiwemo zile za asilimia 30 waliyotengewa vijana, wanawake na walemavu. Kikundi cha akina mama kinachoweza kulisha shule nzima maharagwe hushindwa na karatasi, si na maharagwe.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa idara za Kiswahili. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya taswira na taashira, nami nimo mbioni kuongeza moja. Juu ya lugha ya soko la mazao tumeandika chache mno. Tunawangoja wenzetu wa biashara waje kutuomba istilahi, na wao hawana habari kwamba tunazo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila shahada ya ugavi iwe na somo moja la lazima la Kiswahili cha biashara, lifundishwe na idara zote mbili, na mtihani wake uwe wa kumweleza mkulima mkataba wake naye aurudie kwa maneno yake mwenyewe. Na orodha ya istilahi isiandikwe maktabani. Maembe huku Makueni huanza kuiva mwishoni mwa mwaka, vyuo vingi vikiwa likizoni. Chama chetu kinaweza kuwatuma wanafunzi wanne, wawili wa ugavi na wawili wa Kiswahili, wakae Mbumbuni majuma mawili, wahesabu kreti na waandike kila neno wanalolisikia kati ya shamba na lori.